Hakuna ya Kila Asubuhi

Shangazi yangu ana jozi mbili za ndala, za nyumbani na za ofisini, na ole wako uzichanganye. Za ofisini zinakaa chini ya meza yake, ghorofa ya tatu ya hospitali kuu, kwenye chumba ambacho kiyoyozi chake kiligandia kwenye baridi tangu sijui enzi za nani. Akifika anavua viatu, anavaa ndala, anavaa sweta, halafu anaisalimia kompyuta. Sitanii. "Umeamkaje, mama?" Kompyuta kimya, yeye anaendelea na shughuli zake kama kajibiwa vizuri tu. Wenzake wameshazoea. Mimi bado.

Pale hospitali hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Ripoti, kuanzia madaktari bingwa hadi walinzi wa getini. Sababu ni kwamba kila asubuhi, daktari akiwa bado anatafuta miwani yake, simu inaingia ujumbe: vitanda vilivyo wazi ni vingapi, damu iliyobaki ni kiasi gani, wagonjwa wa kliniki leo ni akina nani. Daktari anadhani kuna jeshi zima limekesha likihesabu. Jeshi gani? Ni Shangazi na skripti zake.

Ngoja niwafafanulie wasiojua, na mnaojua vumilieni, hamtakufa. Habari zote za hospitali zinawekwa kwenye databesi. Mtu akilazwa anaandikwa humo, akiruhusiwa anaandikwa, akifa anaandikwa. Ukitaka kitu humo lazima uiulize kwa lugha yake. Sasa badala ya kuamka kila alfajiri kuuliza maswali yale yale, Shangazi anayaandika mara moja kwenye faili, na muda ukifika kompyuta inalisoma faili mstari kwa mstari: ingia kwenye databesi, nywila, yaani neno la siri, ni hii, uliza hivi, jibu likija lipange, kisha litume. Faili hilo ndiyo skripti. Ni kama kumwachia mtu wa kazi maagizo mlangoni, ila huyu hali, hasengenyi, na hakuulizi "dada, hapa ulimaanisha nini?" Anafanya kilichoandikwa, basi.

Shangazi hakusomea haya mambo. Aliingia pale msichana, mchapaji wa masjala, enzi za mashine za taipu zinazopiga kelele kama mvua ya mawe. Kompyuta zilipokuja wenzake walizikimbia, yeye akazikalia. Aliwahi kuolewa, ikashindikana, hataki mjadala. Mtu akimuuliza anasema, "Kompyuta ikigoma unaizima unaiwasha. Yule nilimzima, akagoma kuwaka." Basi mnacheka, mada inaisha.

Nyumbani tunaishi watu watatu: yeye, mimi, na Bibi, mama yake. Baba yangu kazi yake iko mbali, anakuja likizo kwa likizo. Bibi ananiita "mume wangu" na kunituma dukani kama punda, ndoa ya aina hiyo.

Na kuna wa nne, Baba Mdogo, kitinda mimba wa Bibi, na habari yote hii ni yake.

Baba Mdogo ndiye aliyekuwa kelele ya nyumba. Alikuwa anavaa soksi mbili tofauti makusudi, mguu huu ya kijani, ule ya mistari, ukimuuliza anakwambia, "Soksi zikifanana zinagombana." Bibi alipigana na hilo jambo miaka na miaka, akashindwa. Zile soksi zilizobaki, ndugu za alizovaa, alikuwa anazifunga pamoja na kuzitia kwenye droo, akisema ipo siku atapata akili.

Gereji aliyokuwa anafanyia kazi ilipofungwa, akapata kazi ya utingo kwenye malori ya masafa marefu. Bibi hakupenda.

"Lori si kazi ya mtoto wangu."

"Mama, mimi nina ndevu."

"Kwangu una miaka minne."

"Basi nibebe mgongoni unipeleke stendi."

Akaondoka na begi lake, anacheka, Bibi naye anacheka huku kanuna. Alikuwa anapiga simu kila akifika mji wenye mtandao. Kisha simu zikachelewa. Kisha ikawa yule dada wa mtandao anatuambia namba haipatikani. Mwenye lori akasema alishahamia lori lingine. Polisi wakaandika maelezo, wakasema tutawajulisha. Mnajua "tutawajulisha".

Shangazi akafanya anachokijua. Ajali zote za ile barabara kuu, majeruhi wanaletwa hospitali yake, hakuna nyingine ya kuwapokea. Akaandika skripti moja ya pembeni. Hii hakuiweka pamoja na zile za kazi, aliificha kwenye folda lake mwenyewe, kwa sababu kanuni hairuhusu mtu kuchungulia habari za wagonjwa kwa mambo ya nyumbani kwake. Kila asubuhi skripti ilikuwa inaingia kwenye databesi na kuuliza kitu kimoja tu: kuna mtu mwenye jina hili? Jibu likirudi tupu, ile kompyuta ya ofisini, kwa kupitia kimodemu chenye laini aliyoinunua mwenyewe, inamtumia ujumbe wa neno moja: "Hakuna."

Ujumbe ulikuwa unaingia tukiwa mezani, chai ya asubuhi. Simu inalia, Bibi anaweka kikombe chini.

"Mashine inasemaje?"

"Inasema hakuna, Mama."

"Mungu ni mwema." Halafu anachukua kikombe.

Maana "hakuna" kwetu ilikuwa habari njema kuliko zote. Hakuvunjika, hakulazwa, hayumo kwenye majokofu. Yuko mahali anazurura na soksi zake, mjinga yule, akirudi tutampiga. Bibi alikuwa ameshapanga hadi maneno ya kumtukana. Kwa hilo neno moja tulikula, tukalala, tukaadhimisha sikukuu, mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia.

Sasa ile asubuhi. Nilikuwa likizo ya chuo, nimechelewa kuamka, nikakuta Shangazi bado yuko mezani, jambo ambalo si la kawaida.

"Leo hamna kazi?" nikamuuliza.

"Ipo, lakini ya kukaa tu. Wanahamisha seva chumba kipya. Databesi imezimwa tangu jana jioni, mpaka mchana ndiyo irudi. Madaktari leo watahesabu vitanda kwa vidole."

"Watalia."

"Walie. Waone umuhimu wangu."

Simu ikalia. Bibi akaweka kikombe.

"Mashine inasemaje?"

Shangazi akatupia jicho. "Hakuna, Mama."

"Mungu ni mwema."

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikasema, huku nachovya mkate, "Hiyo mashine yako kiboko, Shangazi. Imezimwa na bado inajibu. Ina mashetani?"

Bibi akacheka. "Mume wangu una balaa."

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshika simu vile vile, anaiangalia. Kisha akaiweka mezani taratibu, uso wa kioo chini. Nilimwona midomo inatembea bila sauti, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika zamani na sasa anakikumbuka mstari kwa mstari.

"Shangazi?"

"Vaa viatu," akaniambia. "Unisindikize kazini."

Ofisini hakuvua viatu wala hakuisalimia kompyuta, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Alifungua folda lake, akafungua ile skripti, akageuza kioo nikione vizuri.

"Wewe si unasoma haya mambo? Soma. Niambie kinachotokea databesi ikiwa imezimwa."

Nikasoma. Mistari ilikuwa michache tu. Ingia, uliza, jibu liweke hapa. Jibu likiwa tupu, tuma "Hakuna". Likiwa na kitu, tuma ujumbe mwingine. Lakini kwenye ule mstari wa kuuliza, mwishoni, palikuwa na maelekezo ya kutupa malalamiko yote shimoni. Kompyuta ina shimo, wakuu. Ukielekeza kitu humo kimeenda, hakuna wa kukirudisha.

"Mbona malalamiko umeyatupa?" nikauliza.

"Kulikuwa na onyo. Nikiweka nywila kwenye skripti, databesi inalalamika kila siku kwamba siyo salama. Onyo hilo lilikuwa linaingia kwenye simu yangu kila asubuhi, refu kama hotuba. Bibi yako anashtuka, anadhani ni habari. Nikalinyamazisha."

"Lakini umenyamazisha na mengine yote."

"Najua."

"Kwa hiyo ikishindwa kuingia, jibu linakuwa tupu..."

"Najua, mwanangu."

Niligundua ameniita mwanangu. Siku zote mimi ni "we bichwa".

Nikajaribu kumtuliza. Nikamwambia labda ni leo tu, kwa sababu imezimwa, siku nyingine zote ilikuwa inajibu vizuri. Akasema labda. Tukakaa. Kiyoyozi kinatupuliza, yeye hakuvaa hata sweta. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kipanya, haukitikisi.

Mchana akaingia bosi wa kitengo, jamaa mmoja mwembamba wanayemwita Bwana Nywila, kwa kuwa hobi yake duniani ni kubadilisha nywila za watu. Inasemekana hata mke wake hajui ya wai-fai ya nyumbani.

"Mama Ripoti! Databesi imerudi, na haina hata mkwaruzo. Kijana, karibu, shangazi yako anakunyanyasa?"

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mbona kama mko msibani?"

Shangazi hakugeuka. Aliondoa yale maelekezo ya shimo, akaiendesha skripti kwa mkono. Kioo kikaandika kwa Kizungu chake, kifupi na kikavu, kwamba mtumiaji huyu amekataliwa kuingia. Databesi ilikuwa hai. Ilikuwa imefunga mlango.

"Ile akaunti ya kusoma databesi," Shangazi akasema, bado haangalii mtu, "nywila yake uliibadilisha lini?"

"Ya kusoma? Mbona zamani! Wakati ule tulipoibiwa kompyuta za mapokezi. Nilituma barua pepe kwa kila mtu, na wewe ulirekebisha ripoti zako zote siku ile ile, nikakusifia hadi kikaoni." Akasogea. "Kwa nini, kuna ripoti umeisahau?"

"Moja."

Kompyuta za mapokezi ziliibiwa mwaka jana, mwanzoni mwa mvua. Nakumbuka kwa sababu Shangazi alirudi nyumbani na kituko cha mwizi aliyeiba vioo akasahau nyaya. Tulicheka sana. Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Kumbe tangu siku ile hakuna aliyeuliza chochote. Kila asubuhi ile skripti ilikuwa inabisha hodi, inafukuzwa, inarudi kutuambia hakuna, na sisi tunamshukuru Mungu.

Shangazi akaandika nywila mpya. Alikosea, akafuta, akaandika tena. Akabonyeza.

Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha simu yake ikalia ndani ya mkoba.

Akaitoa. Nilikuwa nyuma ya bega lake, nikauona ujumbe ulipokuwa unafunguka. Ule "ujumbe mwingine", ambao haukuwahi kutumwa hata mara moja tangu auandike, siku ile ya kwanza, akimfikiria mdogo wake amelala wodini na mguu kwenye plasta akiwasumbua wauguzi:

"AMEPATIKANA. KIMBIA."

Chini yake jina la Baba Mdogo, wodi ya upasuaji ya wanaume, kitanda cha kumi na moja.

Shangazi alikimbia. Mtu mwenye magoti yanayolia kila akipanda ngazi, alitoka kwenye kiti kile kama amerushwa. Mkoba ukaanguka, simu ikabaki mezani, nikasikia viatu vyake kwenye ngazi vikienda chini, chini, chini.

Mimi nilibaki, kwa sababu ujumbe ulikuwa haujaisha. Kioo cha simu kilikuwa kimeukata katikati. Nikausukuma juu kwa kidole. Tarehe ya kulazwa: mwaka jana, katikati ya mvua. Ndugu wa karibu: hajulikani. Hali ya kutoka: amefariki.

Bwana Nywila alikuwa amesoma pamoja nami. "Nani huyu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mdogo wake."

Nilimkuta Shangazi mlangoni mwa wodi, anahema, ameshika fremu ya mlango. Anamwambia muuguzi, mama mmoja mnene mwenye saa imebandikwa kifuani, "Kitanda cha kumi na moja. Mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja." Na kwenye kitanda cha kumi na moja palikuwa na mzee anakula chungwa, anatushangaa.

"Huyu hapa, Mama Ripoti. Ni ndugu yako?"

"Siyo huyu."

"Shangazi," nikamwita.

Aligeuka, akaniona nimeshika simu yake. Aliangalia simu, akaniangalia mimi, akaiachia ile fremu ya mlango. Tulimkalisha kwenye benchi la wageni, mimi na yule muuguzi, kila mmoja na mkono wake.

Muuguzi alipolisikia jina na kuangalia tarehe, alikaa na yeye.

"Wa ajali ya malori mawili," akasema. "Aliletwa hajitambui, kichwa kimeumia. Kitambulisho kilikuwa mfukoni, simu ilishasagika. Tulitangaza jina lake, tukabandika ubaoni hapa wodini, hakuja mtu." Akamtazama Shangazi, na nikamwona anaelewa kitu ambacho kilimuuma. "Mama Ripoti, mbona hukutuambia una ndugu anatafutwa? Mimi jina lako la ukoo silijui. Hapa nani analijua?"

"Hakuna," Shangazi akasema. Hilo neno. Akafunga mdomo wake kwa kiganja.

Alipokitoa akauliza, "Ulimwona wewe mwenyewe?"

"Nilimwona. Zamu zangu zote. Nikimgeuza nilikuwa nacheka peke yangu, Mungu anisamehe. Alikuwa na soksi mbili tofauti, moja ya kijani, moja ya mistari. Tulimvua nguo zote zenye damu, lakini soksi zilikuwa safi, nikamwachia. Nikasema huyu ana watu wake mahali wanamcheka."

Sasa sikilizeni jambo ambalo Shangazi alinieleza baadaye, kwa kuwa kuna kitu kilikuwa kinamla kuliko hata nywila. Mwisho wa kila mwezi moja ya ripoti zake za kazi, zile zilizorekebishwa, inahesabu miili iliyokosa wa kuichukua, ili manispaa ije kuzika. Ripoti hiyo haina majina, ni idadi tu. Mwezi ule aliisoma mwenyewe kikaoni, kwa sauti. Mkurugenzi akasema idadi ni kubwa, Shangazi akasema ndiyo, ni kubwa. Mdogo wake alikuwemo ndani ya ile namba, na yeye ndiye aliyeitamka.

Bwana Nywila alikuja mpaka kwenye lile benchi, na mkoba wa Shangazi mkononi, ameushika kwa mikono miwili kama mtoto.

"Mimi ndiye niliyeibadilisha," akasema.

"Ulifanya kazi yako, baba."

"Ungeniambia tu. Ningekufungulia akaunti yako."

"Ungeniambia ni kinyume cha kanuni."

Akafikiri. "Ningekuambia hivyo," akasema, "halafu ningekufungulia."

Kwa taratibu za kazi alitakiwa amwandikie Shangazi barua ya onyo kwa kuchungulia habari za wagonjwa. Mpaka leo anasema kalamu yake imeisha wino.

Tulirudi nyumbani jua bado liko juu. Bibi alikuwa uani anachambua mchele, ungo mapajani.

"Leo mmerudi mchana kweupe? Mume wangu, umemfukuzisha mwenzio kazi?"

Nikamgeukia Shangazi badala ya kurudisha utani, na kwangu mimi hilo ni tangazo tosha. Bibi akaacha kuchambua. Shangazi akakaa chini, kwenye saruji, mbele ya miguu ya mama yake.

"Mashine inasemaje?" Bibi akauliza. Mchana huo, bila simu kulia.

"Mama, mashine ilikuwa haijibu. Siku nyingi. Ilikuwa imefungiwa mlango, na mimi niliiandikia kwamba isiposikia kitu iseme hakuna. Ikawa inasema hakuna. Mimi ndiye niliyeiandikia."

"Sielewi mambo ya mashine. Mwanangu yuko wapi?"

"Alikuwa kwetu, Mama. Hospitali. Mwaka jana, kipindi cha mvua. Wodi iko chini ya ofisi yangu. Sikujua."

Bibi aliangalia mchele. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa. Akatoa kingine.

"Aliumwa sana?"

"Hakujitambua, Mama. Hakusikia maumivu."

"Alikuwa na mtu?"

"Muuguzi. Alimtunza vizuri. Anamkumbuka."

"Kwa nini anamkumbuka? Si wanaona watu wengi?"

Shangazi alinigeukia. Nikasema mimi. "Soksi, Bibi. Ya kijani na ya mistari. Walimwachia."

Bibi aliweka ungo pembeni, akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Tulisikia droo ikifunguka. Alirudi na fundo la soksi mbili, moja ya kijani, moja ya mistari, akakaa nalo. Alihangaika sana kulifungua lile fundo, maana alikuwa amelikaza vizuri, na alipolifungua akazilaza soksi juu ya mchele, moja huku, moja huku, akazinyoosha visigino.

"Nilisema atapata akili," akasema. Halafu ndipo akalia, na Shangazi akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, mtu mzima na mvi zake, wakawa vile mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia.

Niruke mbele kidogo. Siku hizi ripoti za Shangazi zimebadilika. Aliifungua kila skripti yake, moja baada ya nyingine, akalifukia lile shimo. Sasa databesi isipojibu, ujumbe unaokwenda kwa madaktari unasema "Sijajibiwa." Wanampigia simu wakilalamika. "Mama Ripoti, sijajibiwa ndiyo vitanda vingapi?" Anawaambia, "Ndiyo hivyo, daktari. Sijui. Teremka ukahesabu." Na mlango wa ofisi yake sasa una kibao chenye jina lake lote, na la ukoo, kwa herufi kubwa. Aliomba mwenyewe.

Lakini nilikuwa nasimulia siku zile. Kesho yake asubuhi tulikaa mezani kama kawaida, maana mtu asipojua akae wapi anakaa alipozoea. Chai ilikuwepo. Baba yangu alikuwa njiani anakuja.

Simu ikalia.

Shangazi aliruka kuifunika kwa mkono. Alikuwa ameirekebisha ile skripti, akasahau kuiondoa kwenye ratiba, na yenyewe muda wake ulipofika ikaamka, ikaingia, ikauliza, ikajibiwa.

Bibi akaweka kikombe chini.

"Inasemaje?"

"Mama, achana nayo. Naizima leo leo."

"Nimekuuliza inasemaje."

Shangazi aliigeuza simu. Akasoma. "Inasema amepatikana. Inasema kimbia."

Bibi alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Akafuta mdomo, akazichukua zile soksi mbili zilizokuwa kando ya sahani yake, akazitia kwenye mfuko wa gauni.

"Basi twende," akasema. "Mume wangu, niletee viatu."

Ofisi ya makaburi ya manispaa ilitupa namba ya safu na namba ya kibao. Njia ya kuingilia ilikuwa ya mchanga, miguu inazama. Shangazi alimshika mama yake mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Mara mbili tatu nilimwona Shangazi anajisahau, anaharakisha, mwili wake wote unavutwa mbele, kisha anakumbuka na kurudi nyuma. Tulikwenda mwendo wa Bibi.